Kura mbili dhidi ya moja: kisa cha trio ya fidla, selo na piano

## Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki. Majina, ukumbi na miaka nimeviondoa, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha. Wahusika wote watatu waliisoma rasimu na wakaridhia itumike kufundishia.

Mimi nilikuwa mgeuza kurasa wao. Mgeuza kurasa hukaa kushoto kwa mpiga piano, huinuka kila ukurasa unapokaribia kwisha, na hapigi nota hata moja. Mikono yake haina kazi kubwa, kwa hiyo masikio yake yako huru. Nilikuwa na daftari la kuandika mahali pa kuanzia mazoezi ya siku inayofuata. Polepole daftari lile likawa kumbukumbu ya mambo mengine kabisa: nani alipendekeza nini, nani alikataa, nani alinyamaza. Uchambuzi huu umetoka humo.

## Watatu wenyewe

Trio ya piano ni fidla, selo (fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni) na piano. Hakuna mwongozaji wa kusimama mbele na kijiti. Katika okestra, mpiga fidla akiteleza kuna wenzake wengi wa kumfunika. Katika trio kila mtu yuko peke yake kwenye sauti yake, na akikosea anasikika mpaka mlangoni.

Mpiga piano alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea Ulaya akarudi kufundisha. Wazo lilikuwa lake, nota alizinunua yeye, na mazoezi yalianzia sebuleni kwake kwenye piano ya kusimama. Mpiga selo alikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Alikulia bara, akajifunza katika okestra ya vijana, akapanda mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, hadi daraja la 8, kisha akaja pwani kwa kazi ya ofisini. Mpiga fidla alikuwa akikaribia hamsini, na alitoka katika taarab. Fidla aliishika utotoni na kufundishwa kwa masikio na wazee wa kikundi. Makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, alizijua kabla ya kusoma nota. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa bidii ambayo hadi leo naiheshimu. Tena yeye peke yake kati yao aliishi kwa chombo chake, kwa harusi na mahoteli.

Wale wanawake wawili walimwita Mwalimu. Yeye aliwaita dada na binti yangu. Naeleza haya kwa sababu yana uzito mbele ya safari. Mtu unayemwita Mwalimu si rahisi kumpinga usoni, lakini ukimpinga kwa kura unaona kama si wewe uliyempinga.

Kuna watakaoona ajabu mpiga taarab kukaa na Beethoven, mtunzi wa Ulaya. Fidla na selo zimekaa pamoja na udi na kanuni katika okestra za taarab za Unguja kwa vizazi kadhaa, na upinde wa mtu aliyezoea kuimbisha fidla mbele ya umati wa harusi una nguvu na pumzi ambazo mitihani haifundishi. Mpiga piano alimtafuta kwa sababu hiyo hasa. Alimsikia usiku mmoja hotelini na kesho yake akamwendea.

Programu waliyochagua ilikuwa na kazi tatu za watunzi wa Ulaya. Kazi iliyotungiwa vyombo hivyo vitatu nayo huitwa trio. Ya kwanza ni trio ya Haydn katika G kubwa (kubwa na ndogo ni aina mbili kuu za ngazi ya sauti za Ulaya) ya mwaka 1795, ile inayomalizika kwa rondo, kipande ambacho wimbo wake mkuu hurudi tena na tena, ya mtindo wa Kihungari. Ya pili ni trio ya Clara Schumann katika G ndogo, Opus (yaani kazi namba) 17, ya 1846. Ya tatu ni Opus 97 ya Beethoven, aliyoitunga 1811 na kumtunuku mwanafunzi na mfadhili wake Archduke Rudolph wa Austria, ndiyo maana inaitwa Archduke. Hiyo peke yake inachukua dakika arobaini hivi. Onyesho lilipangwa baada ya miezi saba, katika ukumbi wa zamani karibu na bahari wenye piano kubwa ya kulala, ile ambayo mfuniko wake huinuliwa kwa kijiti.

## Yaliyotokea

Mazoezi yalikuwa mara mbili kwa wiki, baada ya magharibi. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha tupu. Katika wiki ya tatu walibishana kuhusu kasi ya sehemu ya kwanza ya Beethoven, na mpiga piano akatoa pendekezo ambalo wote tuliliona la busara: "Tukitofautiana tupige kura. Tuko watatu, hakuna sare." Mpiga fidla akacheka, akasema, "Demokrasia, dada." Nikaandika.

Tangu siku hiyo kura zikapigwa kwa kila kitu: kasi, mahali pa kupumua, nguvu ya sauti, upinde uende juu au chini. Ilikuwa haraka na safi. Hata hivyo wanawake wale wawili walikuwa wamelelewa na shule moja ya muziki. Walisoma ukurasa kwa jicho moja, wakasikia kosa mahali pamoja. Si kwamba walipanga. Mkono wa mmoja ukiinuka, wa mwingine ulikuwa tayari njiani. Kufikia mwezi wa tatu daftari langu lilikuwa na kurasa mbili nzima ambamo aliyeshindwa ni yule yule. Niliziona kurasa zile na sikusema neno. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeuza kurasa.

Mwezi wa nne wakahamia ukumbini, na masika yakaanza. Ukumbi ule una milango mirefu inayofunguka kuelekea bahari, na hewa yenye chumvi na maji huingia mpaka ndani ya mbao. Ubao wa sauti wa piano ukifyonza unyevu huvimba na kuzisukuma nyuzi, nazo hukazika na kupanda. Piano ile ilikuwa imetuniwa, yaani nyuzi zake zimekazwa hadi sauti sahihi, nota ya A ikiwa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde). Tulipoipima ilikuwa imefika 444, yaani imepanda kwa senti kumi na sita hivi, senti ikiwa sehemu moja ya mia ya nusu toni. Ubaya zaidi, haikupanda sawasawa: katikati ilipanda sana, besi kidogo. Fidla na selo hazina budi kuifuata piano, maana piano haiwezi kuwafuata wao. Lakini waifuate wapi, ikiwa yenyewe haijikubali?

Hapo ugomvi wa usafi wa sauti ukaanza, na kila usiku alionekana mkosaji mpiga fidla.

Siku iliyovunja kitu ilikuwa ya sehemu ya tatu ya Beethoven, ile ya polepole katika D kubwa, wimbo wenye mabadiliko yake. Piano huanza peke yake, kama mtu anayeswali. Fidla ilipopokea wimbo, Mwalimu alitelezesha kidole kati ya nota mbili, taratibu, sauti ikasafiri badala ya kuruka. Mpiga piano aliacha kupiga. Alikuwa amechoka, siku hiyo alifundisha tangu asubuhi. Akasema, "Kaka, hapa si taarab."

Kwa mara ya kwanza hakumwita Mwalimu. Wakapiga kura. Kidole kikaambiwa kisiteleze. Mwalimu akaandika kwa penseli kwenye nota zake, akapiga kama alivyoambiwa, safi kabisa, na sauti yake ikawa haina mtu ndani.

Mazoezi mawili yaliyofuata alichelewa. La tatu hakuja. Alikuwa na harusi. Harusi ilikuwa kweli na malipo yake yalikuwa kweli, lakini miezi minne kabla ya hapo alikuwa akizikataa harusi za siku za mazoezi, na hakuna aliyewahi kumuuliza zilimgharimu kiasi gani.

Wiki tatu kabla ya onyesho selo ikaanza kuvuma vibaya. Kila nota ya chini ilikuja na mlio wa nyuki. Binti alikuwa akiiweka selo ofisini mchana kutwa, penye kiyoyozi, kisha jioni anaileta kwenye ukumbi wenye unyevu. Kiyoyozi hukausha hewa, mbao zikasinyaa. Ukumbi ukazivimbisha tena. Baada ya wiki kadhaa za mchezo huo kiungo cha ubavu na ubao wa mbele kikaachia, upana wa kiganja. Alilia. Selo ile haikuwa yake. Aliazimwa na mwalimu wake wa zamani.

Mpiga piano alitaka ipelekwe kwa ndege kwa fundi wa mji mkuu. Fundi seremala wa jirani alijitolea kuifunga kwa gundi nyeupe ya mbao siku hiyo hiyo. Mwalimu alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mzee anayetengeneza maudi na fidla za kikundi chake, na mzee yule hutumia gundi ya ngozi. Safari hii hakuna aliyepiga kura. Binti alisema tu, "Twende, Mwalimu," wakaondoka wawili na selo kwenye bajaji.

Njiani Mwalimu alimwambia binti kwamba onyesho likipita atajitoa. Binti akampigia simu mpiga piano usiku ule. Kesho yake tukakaa wanne kwenye baraza, bila vyombo, kwa muda wa saa tatu.

## Maamuzi, na kwa nini

La gundi lilikuwa limeshapita, lakini nalitaja kwanza kwa sababu ni uamuzi bora wa kisa kizima. Gundi nyeupe ina nguvu kupita kiasi. Mbao zikivuta tena, kiungo hakitaachia, na ubao ndio utakaopasuka. Gundi ya ngozi hukubali kushindwa. Hufunguka kwenye kiungo, na fundi yeyote baadaye anaweza kuilainisha kwa joto na maji na kuanza upya. Mzee aliifunga, akazuia selo isiguswe kwa siku mbili, na akakataza ofisi yenye kiyoyozi. Kuanzia hapo ilikaa chumbani kwa binti, katika hewa ile ile ya mji.

Barazani, uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kura. Mpiga piano ndiye aliyeutamka. Nilikuwa nimempa daftari. Hiyo ilikuwa njia yangu ya kusema nililolinyamazia. Alizisoma zile kurasa mbili pole pole, kisha akasema, "Sikujua, Mwalimu. Wallahi sikujua." Badala ya kura wakakubaliana hivi: mwenye wimbo ndiye mwenye neno. Sauti inayobeba wimbo kwenye kipande fulani inaamua namna ya kuuimba, na wengine wawili wanatafuta namna ya kuubeba. Wimbo ukipokezana, unapigwa njia zote, kila njia kwa moyo wote, unarekodiwa kwa simu, kila mtu anakwenda kusikiliza nyumbani. Neno linatolewa mazoezi yanayofuata, kamwe si usiku ule ule.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupunguza programu, kwa sababu wiki zilizopotea hazirudi. Waliondoa Clara Schumann, kwa hoja kwamba ndiyo waliyoifanyia mazoezi machache. Mimi ningeondoa Haydn, na nitaeleza.

Wa tatu ulihusu piano. Fundi wa kutuni aliombwa aje asubuhi ya siku ya onyesho badala ya siku tatu kabla. Ukumbi uliachwa katika hali ile ile ya onyesho tangu usiku uliotangulia: milango ya bahari imefungwa, feni zinazunguka. Gharama ya fundi iliongezeka na wakaigawana watatu. Hadi hapo mpiga piano alikuwa akiilipa peke yake kimya kimya, na wenzake hawakujua.

Wa nne ulihusu mfuniko. Mpiga piano alikuwa ameuweka kwenye kijiti kifupi kwa kuwaonea huruma wenzake. Tukamweka mwanafunzi wake apige badala yake, yeye akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa. Akarudi amebadilika sura. Mfuniko ulioshushwa ulikuwa unazima ung'avu wa piano na kuiacha besi ivume vile vile, kwa hiyo selo ilizidi kufunikwa. Wakaufungua wote, naye akajifunza upya kupiga kwa uzito mdogo, pedali akaigusa nusu.

## Matokeo

Onyesho lilifanyika kwa siku yake. Haydn ilipita bila kasoro na bila jambo la kukumbuka. Beethoven ndiyo iliyofanya watu wanyamaze. Sehemu ya pili huanza na nyuzi peke yake, selo ikitangulia na fidla ikiijibu, piano ikisubiri, na usiku ule wale wawili walichezeana kama baba na binti wanaotaniana mezani. Kwenye sehemu ya polepole, Mwalimu alitelezesha kidole. Mara moja tu, mahali alipopachagua mwenyewe.

Walifanya maonyesho mengine mawili. Kisha Mwalimu akajitoa, kama alivyosema kwenye bajaji. Hakukuwa na uchungu tena, lakini alikuwa na watoto wa kusomesha, na mgawanyo wa pato haukuweza kumlipa alichokuwa akikosa. Trio ikasimama.

## Uchambuzi

Watu wanaokisikia kisa hiki hudhani kiini chake ni tofauti ya taarab na muziki wa Ulaya. Naona sivyo. Kiini ni hesabu. Katika kikundi cha watano kura huweza kugawanyika kwa namna nyingi, na anayeshindwa leo anaweza kuwa na mwenzake. Katika kikundi cha watatu anayeshindwa yuko peke yake daima. Hana hata mtu wa kunung'unika naye nje. Na kama wawili wana malezi yanayofanana, kura si uamuzi tena. Ni namna ya kumhesabia mmoja wao upweke wake, usiku baada ya usiku, kwa adabu. Sifa ile iliyotuvutia, kwamba hakuna sare, ndiyo iliyokuwa sumu. Sare ingewalazimisha wazungumze.

Neno "hapa si taarab" lilimuumiza kwa jinsi lilivyosemwa, na juu ya hayo halikuwa kweli. Baada ya kikao cha barazani tuliketi tukasikiliza rekodi ya trio ya mtunzi Schubert katika B bapa (B iliyoshushwa nusu toni), iliyopigwa 1926 na Alfred Cortot kwenye piano, Jacques Thibaud kwenye fidla na Pablo Casals kwenye selo. Thibaud na Casals wanatelezesha vidole kila mahali. Sauti zao zinasafiri kati ya nota na nota kama za waimbaji. Huo ulikuwa mtindo wa kawaida wa wapiga nyuzi wakubwa wa Ulaya wakati ule. Usafi mkavu tunaoufundisha leo umekuja baadaye. Kwa hiyo Mwalimu, kwa alichorithi kwa wazee wake wa taarab, alikuwa karibu na Casals kuliko sisi tuliokuwa na vyeti. Mpiga piano aliisikiliza sehemu ya polepole mara mbili, kisha akainuka kwenda kupika chai, na alikaa jikoni muda mrefu.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema Mwalimu alikuwa na haki kila mahali. Kuhusu usafi wa sauti, mara nyingi hakuwa nayo. Sikio lake lilikuwa limelelewa na makamu, na katika rasti, mojawapo ya makamu hizo, nota ya tatu ya ngazi hukaa kati ya ile ya ngazi kubwa na ile ya ngazi ndogo ya Ulaya. Alijua kuipandisha kwa ajili ya muziki huu, lakini akichoka ilishuka. Isitoshe, hata tatu kubwa (umbali wa nota ya kwanza hadi ya tatu ya ngazi kubwa) iliyo safi kwa masikio ya mpiga nyuzi yeyote iko chini ya ile ya piano kwa senti 14. Fidla na selo zikiwa peke yake, tatu hiyo safi ni tamu kama asali. Piano ikiishika nota ile ile kwa wakati mmoja, inachubuka. Kilichosaidia ni kanuni ndogo waliyoijenga mwishoni: piano ikinyamaza, sikilizaneni, piano ikiingia, ifuateni. Kama tungeijua mwezi wa kwanza, nusu ya zile kura zisingepigwa, maana zilikuwa zinapigwa juu ya jambo lenye jibu. Kura haiwezi kubadili senti 14.

Binti naye alikuwa na tatizo la jinsi hiyo ambalo hakuna aliyelitambua kwa sababu alikuwa upande wa washindi. Selo hutuniwa kwa kusikiliza tano safi, yaani umbali wa nota ya kwanza hadi ya tano ya ngazi, kati ya uzi na uzi: A, D, G, C. Tano safi ni senti 702, ya piano ni 700. Ukishuka umbali huo mara tatu, C yako iko senti 6 chini ya C ya piano, na C ndiyo sakafu ya nyumba nzima. Wapiga selo wa trio huzibana kidogo zile tano, au huichukua C moja kwa moja kutoka kwenye piano. Alipoanza kufanya hivyo, mpiga piano alisema besi yake imepona. Kwa muda wote ule lawama ya sauti ile isiyo safi ilikuwa imemwangukia mpiga fidla.

Nimesema ningeondoa Haydn. Trio za Haydn zilichapishwa kama sonata za piano zinazosindikizwa na fidla na selo, na selo mara nyingi hurudia besi ya mkono wa kushoto wa piano. Kwa piano za zama zake ilikuwa na maana, kwa sababu besi yao ilikuwa nyembamba na ilizimika upesi. Selo iliitia mwili. Piano ya leo, yenye fremu ya chuma na nyuzi zinazovuta kwa jumla karibu tani 20, haihitaji msaada huo. Kwa hiyo mpiga selo kijana, ambaye tayari hufuata kauli ya mpiga piano, anakaa robo saa nzima akifuata pia kidole chake cha kushoto. Clara Schumann anampa kila mmoja nafasi ya kusema. Kikundi kilichotoka kugundua kwamba kimegawanyika wawili kwa mmoja kilihitaji kazi hiyo kuliko nyingine yoyote. Hoja kwamba haikufanyiwa mazoezi ya kutosha ilikuwa kweli, na wiki tatu ni chache. Bado naamini walichagua usalama mahali ambapo kuthubutu kungewafaa.

La mfuniko linanirudisha kwa Beethoven mwenyewe. Archduke ilipigwa hadharani mara ya kwanza Vienna, tarehe 11 Aprili 1814, Beethoven akiwa kwenye piano, Schuppanzigh kwenye fidla, Linke kwenye selo. Mpiga fidla Louis Spohr alihudhuria mazoezi ya Beethoven zama zile na kusimulia kwamba piano ilikuwa imeharibika tuni vibaya, na kwamba Beethoven, kwa uziwi wake, penye nguvu aliigonga hadi nyuzi zikagongana, na penye upole alipiga kwa wepesi hadi mafungu mazima ya nota hayakusikika. Uziwi wake ulikuwa ugonjwa. Lakini kwenye trio kila kiti kina uziwi wake mdogo. Mpiga piano husikia selo kupitia mgongo wa mpigaji. Mpiga fidla ana chombo chini ya sikio lake la kushoto, na upande huo dunia yote ni fidla. Mimi niliyekaa kando ya kibodi nilikuwa na hakika kwamba mfuniko mfupi ni bora, na nilikosea kwa sababu ya kiti changu. Kilichotibu ni kumwinua mtu na kumpeleka safu ya nyuma. Hilo halihitaji fedha, na linafaa kufanywa wiki ya kwanza.

Kuhusu kudumu: trio ya Beaux Arts ilianza 1955 na ikafunga 2008. Kwa miaka yote hiyo aliyebaki tangu mwanzo hadi mwisho ni mmoja, mpiga piano Menahem Pressler. Kwenye fidla walipita watu watano, kwenye selo watatu. Kwa hiyo kuondoka kwa mtu hakukuwa lazima kuiue trio yetu. Kilichoiua ni kwamba kila kitu cha kikundi kilikaa katika vichwa vya watu na mifuko yao: nota nyumbani kwa mmoja, deni la fundi kwa mmoja, harusi zilizokataliwa kwa mmoja. Hakukuwa na kapu la pamoja. Mgawanyo wa sawa kwa sawa ulionekana wa haki, lakini ulihesabu kilichoingia tu. Alichotoa kila mtu hakikuandikwa popote, hata katika daftari langu, na hilo ndilo ninalojutia kuliko kunyamaza kwangu. Mpiga piano alidhani Mwalimu hajali kazi. Mwalimu alidhani dada ni tajiri. Kila mmoja alikuwa akiilipia trio peke yake, kwa siri, akisubiri wenzake watambue.

## Hali ilivyo sasa

Mpiga piano na mpiga selo wanaendelea wawili. Binti huenda kwa Mwalimu Jumamosi kujifunza mistari ya selo ya taarab, na mzee wa gundi ameshaifungua na kuifunga ile selo mara nyingine moja, kiungo kile kile, ubao ukiwa mzima.

Mwezi uliopita walimjaribu mpiga fidla mwanafunzi kwa ajili ya Archduke. Alipewa nota zilizokuwa za Mwalimu. Alipofika kwenye sehemu ya polepole akasimama, akauliza alama ile ya penseli ina maana gani, maana mahali pamoja palikuwa pameandikwa, pakafutwa, pakaandikwa tena. Mpiga piano akachukua simu akampigia Mwalimu palepale, akaiweka kwenye spika.

"Ni kidole cha pili," sauti ikasema, nyuma yake kelele za watu na mtu anajaribu kipaza sauti. "Mwambie asiharakishe. Nipo harusini, dada, nitawapigia usiku."